Somo Lililokosa Sahihi ya Baba Mdogo

Misugusugu, Kibaha
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee hii kwanza wewe mwenyewe, kisha umpe Mama ya kwake, maana najua amesimama mlangoni na ungo mkononi, anauliza, "Anasemaje? Anasemaje?" kabla hata hujafungua bahasha. Mwambie mwili wangu ni mzima, nakula, nalala, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekwisha.

Macho yako yanaendeleaje? Mdogo wangu Rosi aliniambia lile la kushoto linatoa machozi ukisoma. Kama bado linasumbua, mruhusu akusomee, ila barua hii nakuomba uisome mwenyewe kwanza, hata kama ni kidogo kidogo. Na kahawa je, mmeshaanika? Huku ni joto tu. Nikifikiria baridi ya Mbinga, ile ya kukaa jikoni umejifunika blanketi, naona kama niliiota.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu niliyonayo ni ya ofisi, na ninapoishi, ukisema jambo chumbani, sebuleni limeshasikika. Tena wewe ndiye uliyekuwa ukituambia kwamba jambo zito liandikwe, ili anayelisema apate nafasi ya kulifikiri. Nimelifikiri. Nimekaa kwenye benchi nyuma ya kanisa, na dada mmoja wa kwaya yetu anayesafiri kesho kwenda huko amekubali kukuletea.

Baba mdogo Gaspa atakupigia. Huenda ameshakupigia. Sitaki kumsema vibaya, na utaona hapa mbele kwamba si mtu mbaya. Ila nataka usikie na kwangu.

Unakumbuka siku uliyonileta. Alitupokea Maili Moja, akalibeba begi langu mwenyewe begani, akakuambia, "Kaka, huyu sasa ni wangu. Lala usingizi." Ulicheka kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwako tangu ustaafu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa nyumbani hadi majirani wakaacha kuuliza. Yeye alikuwa na ofisi na alihitaji mtu wa kuchora kwa kompyuta. Nani angekataa?

Ofisi yenyewe ni chumba cha mbele cha nyumba yake, kinachotazama barabarani. Nje pana fundi pikipiki na mama muuza chapati. Ndani mna meza mbili, feni, na laptopu ninayofanyia kazi. Nadhani sijawahi kukueleza vizuri kazi yangu. Wewe ulifundisha kwa chaki, na mtoto asipoelewa ulimwona usoni. Sisi tunatengeneza somo likae ndani ya simu au kompyuta: picha, maandishi, sauti, na maswali mwishoni. Mwanafunzi anabofya, anasoma, anabofya tena. Wateja wetu wakubwa ni viwanda vya Zegereni, vinavyotakiwa kuwafundisha wafanyakazi wao usalama.

Ninayechora ni mimi. Ninayeandika na kusoma kwa sauti ni mimi. Baba mdogo anatafuta wateja na kuwahakikishia kwamba kazi itakwisha kwa wakati. Mwisho wa kila somo kuna jina la ofisi. Langu halipo, na sikuwahi kuliulizia, kwa sababu mtu hamdai baba yake mkataba. Asubuhi nafagia uwanja, nachemsha chai, nawaandaa wadogo waende shule, halafu ndipo nawasha kompyuta. Nikiomba kuja nyumbani Krismasi, ananitazama kama niliyemtukana. "Nyumbani ni wapi kama si hapa?" Na anasema kwa upendo, Baba, ndiyo maana sina la kumjibu. Ningekuwa nimeajiriwa na mtu baki, ningegombana naye, ningeaga, ningeondoka. Hapa nimezungukwa na wema mtupu na sioni pa kupitia.

Sasa nikueleze yaliyotokea.

Mwaka jana tulitengeneza somo la usalama kwa kiwanda kimoja cha ndoo na mabeseni. Nilimchora mwanamume mwenye helmeti na glovu, anatabasamu mwanzo hadi mwisho, na kila ukurasa unakukataza kitu. Tulipokwenda kulikabidhi nikaona linavyotumika. Wafanyakazi walikalishwa kwenye mabenchi ya kulia chakula, msimamizi wao akaishika kompyuta, akabofya endelea, endelea, endelea, akajibu maswali yote peke yake, na watu wote wakaandikwa wamefaulu. Baba mdogo alipiga makofi. Mimi nilitazama sakafu.

Tulipokuwa tunatoka, dada mmoja anayeitwa Pendo, ambaye tunasali naye hapa Misugusugu, akanivuta pembeni.

"Umechora vizuri," akasema. "Ila huyo anayechekacheka ni nani? Humu hacheki mtu. Ungemchora Zuhura."

"Zuhura ndiye nani?"

"Alikuwa kwenye krasha." Ndivyo wanavyoiita mashine ya kusaga mabaki ya plastiki ili yayeyushwe upya. "Ilimla vidole. Sasa yuko kwao Chole, huko Kisarawe."

Niliondoka na jina hilo na sikujua la kulifanyia.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa jikoni nikaona kwenye simu tangazo la shindano la ubunifu wa masomo. Walitaka somo fupi la Kiswahili kwa watu wazima, linaloweza kufunguka kwenye simu ya kawaida hata pasipo mtandao. Waliruhusu mtu alete kazi yake ya zamani, ilimradi ameibadilisha kweli kweli, siyo kuipaka rangi tu. Na kama kazi ile ya zamani ilifanyika ofisini, mwajiri aweke sahihi kwamba anaruhusu. Mshindi angepata nafasi ya mwaka mzima Arusha, kwa watu wanaotengeneza masomo ya namna hii, ajifunze huku akifanya kazi. Chumba wangempa wao.

Maharage yaliungua, Baba. Nilikuwa naisoma ile sehemu ya chumba mara ya tatu.

Nilimwambia Baba mdogo akiwa anatazama mpira. Nikamweleza kwamba nataka kulichukua lile somo la mashine nilifumue, nilishone upya, niliingize kwenye shindano.

"Fanya tu, mwanangu," akasema bila kugeuka. "Tukishinda, ofisi itajulikana."

Alisema tukishinda. Mimi nilisikia nikishinda.

Nilianza kwa kufuta. Nilifuta makatazo, nikafuta maswali, nikamfuta yule mwanamume wa helmeti. Nilichobakiza ni michoro ya mashine, kwa sababu nilikuwa nimeichora kwa uangalifu, kila swichi mahali pake. Halafu nikakaa mbele ya mashine zisizo na mtu, nikaelewa kwamba siwezi kuendelea kabla sijamwona Zuhura. Pendo akanipa namba yake. Jumamosi iliyofuata nikaaga kwamba naenda kurekodi sauti, nikafika Kisarawe mjini, na kutoka hapo nikapanda bodaboda mwendo mrefu wa mchanga na mashamba ya mihogo hadi Chole.

Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa anamenya mihogo uani. Nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye wa kiwandani?"

"Hapana, Mama. Mimi natengeneza masomo, ya kuwafundisha wafanyakazi wasiumie."

Akaendelea kumenya. "Masomo ya nini tena, mwanangu, na mkono ushakwenda?"

Aliyeniokoa ni Zuhura mwenyewe, aliyetoka ndani akicheka na kumwambia, "Mama, mwache mgeni akae kwanza." Ni wa rika langu. Nilitegemea kumkuta mtu mnyonge. Nikamkuta msichana mrefu mwenye maneno mengi, mkono wa kulia ameuficha ndani ya kanga, kama mtu aliyeshika kitu asichotaka ukione.

Tulikula mihogo na chai, tukaongea mambo mengine kabisa, halafu akasema, "Haya, washa hicho kisimu chako." Tukajifungia chumbani, tukatundika blanketi dirishani ili kuku wasiingie kwenye sauti.

Alieleza kwamba krasha ilikuwa inakwama kila mara. Unatakiwa kuizima, usubiri isimame, ndipo uondoe kilichokwama. Hilo kila mtu alilijua, hata yeye. Siku hiyo kazi ilikuwa imechelewa, na msimamizi alisimama nyuma yake.

"Nikamwambia, imekwama, nazima. Akasema, ukizima na leo tena, kesho usije. Hakupiga kelele. Alisema taratibu tu, kama mtu anayekuomba chumvi. Basi nikapeleka mkono."

Nje Bi Mwajuma alikuwa anafukuza kuku, na Zuhura akamsubiri anyamaze ndipo aendelee.

"Kwenye somo lenu la kwanza," akaniuliza, "mlimwekea mtu achague nini?"

"Zima mashine, au usizime."

"Na mtu akichagua usizime?"

"Inatokea alama nyekundu. Umekosea."

Akacheka, lakini safari hii si kwa furaha. "Basi mwekeeni na yule bwana nyuma yake. Mtu aisikie ile sauti kwanza, ndipo achague. Bila hivyo mtanifanya mimi mjinga, na mimi si mjinga."

Nikamwuliza, kama siku ile ingerudi, angetaka afanye nini.

"Ningemwita Pendo. Alikuwa mashine ya pili. Ningemwambia njoo tuizime wawili. Mmoja anafukuzwa, wawili lazima afikirie."

Mwishoni alinipa sharti moja. Jina la kiwanda nisilitaje, lakini jina lake nilitaje. "Hapo mwisho waandike Zuhura wa Chole. Watu wajue kuna mtu."

Baba, sijawahi kufanya kazi kama niliyoifanya baada ya siku ile. Lile somo refu likawa fupi, unaweza kulimaliza ukisubiri chai ipoe. Unamwona Zuhura na kanga yake kichwani, unasikia mashine, unasikia inavyokwama. Halafu sauti ya mwanamume inasema nyuma yako, taratibu, ukizima na leo tena, kesho usije. Nilimwomba fundi pikipiki wa hapo nje anisemee maneno hayo. Alijaribu mara nyingi, alikuwa anayasema kwa ukali, hadi nilipomwambia ajifanye anaomba chumvi. Kisha unachagua: zima, usizime, au mwite mwenzako. Hakuna alama nyekundu. Kila unachochagua, Zuhura mwenyewe anakueleza kinachofuata.

Mama mdogo ndiye wa kwanza kulisikiliza. Alikuwa amekuja kuniuliza habari za sukari, nikampa simu. Alisikiliza amesimama. Lilipokwisha akaniuliza, "Huyu dada yu hai?" Nikasema yu hai. Akasema, "Mungu ashukuriwe," akatoka, sukari akaisahau.

Yeye ndiye aliyemwambia mumewe. Alidhani anamletea habari njema.

Baba mdogo aliniita ofisini, akafunga mlango, akalisikiliza mara mbili. Jasho lilikuwa linamtoka na feni inazunguka.

"Nani alikuruhusu kufanya hivi?"

"Wewe, Baba mdogo."

"Nilikuruhusu kushindana. Sikukuruhusu kunichoma. Hawa ni wateja wangu! Michoro hii wanaijua. Wakiisikia hii sauti ya msimamizi watajua ni kwao."

"Sijawataja."

"Huhitaji kuwataja." Akaivuta karatasi ya ruhusa niliyokuwa nimeiweka mezani kwake siku nyingi, akaiweka katikati yetu. "Toa sauti ya msimamizi. Toa jina la huyo binti. Weka jina la ofisi. Nitasaini sasa hivi."

Nilimwomba siku moja. Nikampigia Zuhura kwa simu ya mama muuza chapati. Hakukasirika. Alisema tu, "Ukimtoa yule bwana, nitoe na mimi. Usiniache pale peke yangu na mashine, watu wanione ninavyojikata kwa kupenda."

Nikarudi nikamwambia Baba mdogo kwamba siwezi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia neno hilo tangu nije hapa, na sauti yangu ilikuwa ndogo mno hata ikabidi nilirudie. Kesho yake alikaa mwenyewe kwenye laptopu yangu mchana kutwa, akakata alivyoweza, akaandika jina la ofisi, akasaini, akatuma. Mimi nilikuwa uani nafua nguo za shule, nakiona kisogo chake kupitia dirishani.

Nilidhani yamekwisha. Lakini wiki kadhaa baadaye nikapigiwa simu na dada mmoja wa upande wa shindano. Wakati wa kujiandikisha nilikuwa nimeeleza kwa maandishi somo langu litakuwaje, na nimeweka namba yangu.

"Ulichoeleza na kilichokuja havifanani," akasema. "Ulieleza kuhusu sauti nyuma ya mfanyakazi. Iko wapi?"

Nilitoka nje nisisikike. "Ipo. Ila haina ruhusa."

"Tuletee hiyo kabla ya Ijumaa, na sahihi ya mwajiri. Bila sahihi mikono yetu imefungwa, dada. Lakini tuletee."

Basi nikarudi kwa Baba mdogo. Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevua viatu. Nilipiga magoti, Baba, kama tunavyowapigia magoti wazee nyumbani. Nikamwambia habari za ile simu, nikamwambia na habari za Arusha, ambazo nilikuwa sijawahi kumweleza vizuri.

Halafu akasema, na hapa ndipo naomba usome polepole: "Unadhani mimi sijaisikia sauti ya yule binti? Naisikia nikiwa naoga. Lakini kiwanda kile kikiondoka, na vingine vitaondoka, kwa sababu wanajuana. Nitawaambia nini hawa watoto? Nitamwambia nini kaka yangu, kwamba ofisi alikomleta binti yake imefungwa na binti yake?"

"Basi niruhusu niondoke, niseme ni kazi yangu mimi, wewe haumo."

"Uende wapi? Ulikabidhiwa kwangu. Nikikuacha utangetange, mimi nitakuwa mtu wa namna gani?"

Akainuka akaingia ndani. Hakusaini. Ijumaa ilikuja ikapita. Nilimpigia yule dada nikamwambia sikupata. Akasema pole, kwa sauti ya mtu aliyeumia kweli, na akaongeza kwamba siku nitakapokuwa na kazi ambayo ni yangu mwenyewe tangu mwanzo, nimtafute. Nikasema asante. Nikarudi kumalizia kuchambua mchele.

Somo lililokatwa halikufika popote.

Kwa siku nyingi nilifanya kazi kama mtu aliyekatwa ulimi. Nilichora ninachoambiwa. Yule mwanamume wa helmeti nilimrudisha, nikamchora anatabasamu zaidi. Lakini kulikuwa na jambo moja lililokuwa likinisumbua: sauti ile haikuwa ya ofisi wala yangu. Ilikuwa ya Zuhura. Pendo alikuwa anakwenda Kisarawe kwenye maziko, nikampa memori kadi yenye somo zima, lile lisilokatwa, nikamwambia, "Mpelekee mwenyewe. Ni lake, afanye anavyotaka."

Alichofanya Zuhura ni kukisikilizisha somo hilo kikundi chao cha akina mama cha kuweka na kukopa. Mmoja akalichukua kwenye simu yake, akampa dada yake anayefanya kazi Zegereni, na huyo akampa mwenzake. Mimi sikujua lolote. Nilikuja kuambiwa na Pendo tukitoka kanisani, amenishika mkono hadi unauma.

"Tulilisikiliza wakati wa chakula," akasema. "Watu walisimama, Adelina. Wengine walikuwa wanajaribu kuchagua usizime, makusudi, wamsikie Zuhura atasemaje. Halafu Jumanne krasha ikakwama."

"Ikawaje?"

"Aliyekuwa pale ni binti mgeni kabisa. Msimamizi kaja, kasimama nyuma yake, kaanza. Binti akaniita. Hakuniita kwa nguvu, kaniita tu, 'Dada Pendo, njoo.' Nikaja. Na mama mwingine akaja. Tukaizima. Akatutazama mmoja mmoja, midomo inamcheza. Tukasubiri isimame, tukatoa kilichokwama, tukawasha. Akaondoka zake."

"Hakuwafukuza?"

"Mpaka leo tupo."

Nililia pale pale nje ya kanisa, Baba, na watu wakadhani nimefiwa.

Furaha yangu haikukaa. Wakubwa wa kiwanda walilisikia lile somo kwenye simu za watu, wakaitambua michoro, wakamwita Baba mdogo. Alirudi jioni, akakaa sebuleni na viatu vyake. Akanitazama, akasema, "Wameniuliza nani ametengeneza. Nimesema sijui." Kisha akaingia chumbani kwake.

Alidanganya kwa ajili yangu. Hilo nataka ulijue. Lakini tangu siku ile haongei nami. Laptopu ameifungia kabatini, ofisi ameitia kufuli, na wateja wanapokuja anawapokea nje. Mimi nimebaki wa jikoni. Napika, wanakula, naosha, jua linazama. Nikitoka kwenda dukani, mmoja wa wadogo anatumwa anifuate, si kwa ubaya, "akusaidie kubeba." Mama mdogo ananipa nyama kubwa kwenye sahani na kunitazama kwa huruma, na huruma yake ndiyo inayonikaba kuliko kufuli. Hawanifukuzi kwa sababu watu wa nyumbani watasemaje. Hawaniachii kwa sababu hiyo hiyo. Asubuhi moja niliamka nikakuta nimesahau kabisa kwamba ninajua kuchora. Nilikumbuka baadaye, nikiwa nimeshika fagio.

Zuhura anahamia Kisarawe mjini mwezi ujao, kwa shangazi yake, na kuna nafasi kwenye chumba chake. Muuguzi mmoja wa hapo, rafiki wa shangazi huyo, amelisikia somo na ameniuliza kama naweza kutengeneza jingine, la kina mama wajawazito, kuhusu dalili zinazotaka wawahi kituo cha afya. Nimemwambia naweza. Nitaanzia kwenye simu ya Zuhura, mpaka nipate kompyuta. Litakuwa langu tangu mstari wa kwanza, na hapo mwisho nitaandika majina ya watu wote waliolisema.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachokuomba. Baba mdogo hawezi kuniachia mwenyewe, nimeshaelewa. Ataona ni aibu kwake na dharau kwako. Anayeweza kunichukua mikononi mwake ni yule aliyenikabidhi. Mpigie, Baba. Usimgombeze, amechoka na ana hofu. Mshukuru kwa yote, kwa sababu yapo ya kumshukuru. Halafu mwambie, "Gaspa, Adelina anahama, nami nimekubali." Maneno hayo tu. Usimweleze sababu, anaijua.

Kama unaona nimekosea, nitakusikiliza, niandikie, nitajibu. Lakini kabla hujaamua, mwombe Rosi akutafutie simu inayofungua picha. Dada wa kwaya amebeba na memori kadi ndani ya bahasha hii. Sikiliza. Ukifika pale pa kuchagua, chagua unavyoona.

Msalimie Mama, mwambie asikonde kwa ajili yangu. Rosi aendelee na masomo, nimemwekea kalamu za rangi humu humu. Shangazi wa Litembo nampa shikamoo, na mwambie ile kanga aliyonipa ndiyo niliyomchorea Zuhura kichwani. Katekista nampa heshima zake, aniweke kwenye sala bila kutaja kisa. Na Babu, kama bado anasikia, mpigieni kelele sikioni kwamba mjukuu wake amemwamkia.

Begi langu nimelipanga, liko chini ya kitanda. Lango la uani wanalifungua mapema kwa ajili ya maziwa, na hakuna asubuhi nisiyolitazama. Ningeweza kupita. Pendo ameniambia nipite. Lakini nikipita bila neno lako watasema binti wa Mwalimu ametoroka, na sitaki kutoroka, Baba. Nataka kuondoka.

Mwanao anayekungoja,
Adelina